Mrija wa Mzee Wandera

Niliuziba mimi. Nilinyofoa pamba kwenye mto wangu, nikaisokomeza ndani ya mrija wa Mzee Wandera, ambao alikuwa ameuegemeza ukutani akienda kunawa mikono. Nilikuwa na miaka tisa. Hadi leo, maji ya moto yakimwagwa kwenye malwa, ile pombe ya nafaka inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, na harufu ya wimbi uliochacha ikapanda, mimi huinuka nikaondoka.

Msinihukumu bado. Baba na Wandera walinunua baiskeli katika wiki moja, hapa Busia, wakawa wanavusha watu mpaka wa Kenya na Uganda na kuazimana pampu. Lakini Wandera aliachiwa na babake kiwanja cha barabarani. Akakiuza, akanunua pikipiki, kisha lori, kisha malori. Baba naye, kila alipokaribia pikipiki, mtu nyumbani alilazwa hospitali. Bado anakanyaga baiskeli ile ile, ambayo kiti chake kimeshonwa mara nyingi kuliko suruali zangu.

Nami nilikuwa na hesabu yangu: chungu ni kimoja, anayevuta haraka anawamalizia wenzake. Nikajiona serikali.

Nisichojua, Mama aliipika ile malwa wiki nzima ili Baba aombe kazi ya kulinda yadi ya malori. Baba alivaa shati la kanisani. Wazee wakazunguka chungu, kila mtu na mrija wake. Wandera akavuta. Akavuta tena, mashavu yakaingia ndani, macho yakatoka. Nyuma ya jiko nilikuwa nimejiziba mdomo kwa mikono miwili. Akauchomoa, akauchungulia, akaona pamba. Kwetu mrija wa mtu haushikwi ovyo. Anayeuchezea anataka roho yake.

"Ndugu yangu," akamwambia Baba, "mimi nimekukosea nini?"

Akaingia garini. Yadi ikapata mlinzi mwingine. Mimi nikapata fimbo, na hiyo sikatai.

Juzi mwalimu wa uchumi alichora ubaoni mistari miwili, wa matajiri na wa sisi wengine. Inaanza karibu karibu, halafu kila mwaka inaachana. Wenzangu wakanakili. Mimi nilikasirika hadi nikavunja ncha ya penseli, maana ile mistari naijua kwa majina, na wa chini hakuwahi kulala kazini. Na mjinga mimi nilidhani shida ni kasi ya kuvuta.

Jioni ile ya malwa, wageni walipokwisha kuondoka, Mama aliiokota ile pamba, akaifinya maji, akaniangalia.

"Si ungeziba wa baba yako," akasema. "Yeye amezoea kuvuta hewa."