Modi ya Falaj Ilivyomfunga Bassam

Bassam wa Ibra mchana huuza miwani, jioni huulizwa maswali. Hakuomba kuulizwa. Ana kundi lake la simu, vijana wa Ibra, Nizwa na Sur, miji ya Oman, wajukuu wa watu wa Unguja. Wanacheza mchezo wa kompyuta ambao mtu hupewa ardhi tupu akaambiwa haya, jenga utakacho. Wengine duniani hujenga makasri yanayoelea angani. Hawa walipopewa dunia nzima bure, wakajenga Ibra.

Cheo chake kilianzia kwenye bando. Mwaka juzi ilitoka modi moja, yaani kile kiraka anachotunga mchezaji yeyote na wenziwe wakakibandika kwenye mchezo. Wote wakaipakua isipokuwa Bassam. Kumbe ilikuwa na kirusi! Watu wakaibiwa nywila zao mpaka za barua pepe.

"Bassam aliona mbali," wakasema.

Bassam akaapa kwamba hakuona kitu, bando lilimwishia tu. Hakuna aliyemsikiliza. Watu wakishapata mjuzi wa bure, hawamwachi kwa sababu ndogo kama ukweli.

Basi dunia yao ikahamishiwa kwenye kompyuta yake, kwa mtu wa amana, na kila modi ikawa lazima ipite kwake. Tangu hapo hajacheza. Akiingia, hajapanda hata mtende mmoja, anasikia: "Sheikh Bassam, kuna faili hapa, hebu litazame."

Mwezi huu likaja sasisho jipya. Wenye mchezo wametia mawingu mazuri, wallahi mawingu ya kutazamwa, na falaj yote ya vijana, ile mifereji ya kunyweshea mitende, ikakauka. Maji yale yalikuwa yakipelekwa mashambani na modi, na modi ya zamani haikuelewana na toleo jipya. Mitende ikaanza kufa. Ndipo akazuka mtu asiyejulikana kwao wala kwa baba yake, na modi mpya ya falaj.

"Turudi toleo la zamani," akaandika mmoja kundini.

"Rudi wewe na babu yako. Mimi nataka mawingu."

"Modi yenyewe salama kabisa," akaingia Muatasim wa Nizwa, ambaye husema salama hata kuhusu nyaya zilizochunika.

Bassam akampigia. "Nani kakwambia ni salama?"

"Manar wa Sur. Na Manar hasemi ovyo."

Akampigia Manar. "Nani kakwambia?"

"Wewe!" Manar akacheka. "Nilikuuliza juzi, ukasema hujasikia ubaya wake. Nikawaambia watu, Bassam hajaona ubaya."

"Manar, nilikuwa na maana sijui!"

"Mbona basi hukusema hujui?"

"Nasema hivyo mwaka wa pili huu!"

"Yakhe, mtu asiyejua hasemi hajui. Asiyejua ni Muatasim."

Bassam akakata simu, akarekodi sauti kwa kundi zima: "Jamani, mimi sijui chochote. Kinga ya kompyuta yangu imekwisha muda zamani. Huwa nabahatisha. Niondoleeni kazi hii."

Majibu yakaja kama mvua. Mashaallah, unyenyekevu huo. Wanavyuoni wa kweli ndivyo walivyo. Mmoja alituma uso unaolia machozi.

Hapo ndipo Bassam alipopata wazo lake la kwanza la maana tangu apewe cheo. Ataibandika modi ile akiomba iwe na kirusi. Kompyuta iharibike, aibu impate, wamtukane, wamvue usheikh, naye arudi kuwa mchezaji wa kawaida anayekosea mahali pa kuweka mlango. Dunia yao aliitia kwanza kwenye flashi akaichomoa, maana jasho la watu si la kuchezewa. Akabonyeza.

Feni ya kompyuta ikavuma. Kioo kikawa cheusi. Bassam akatabasamu, roho ikamtanuka.

Kisha maji yakaja. Yakashuka kutoka mlimani, yakapita ubavuni mwa msikiti, yakagawika shamba kwa shamba kwa zamu, vizuri kuliko zamani. Kundini ikawa sikukuu. Sheikh kajaribu kwa mikono yake! Muatasim akataka kila modi mpya iandikwe "imepita kwa Bassam."

Mlango ukafunguliwa. Mama yake, Bi Kaltham, aliingia na jirani yao Bi Shukriya, ambaye simu yake ameishika kwa ncha za vidole kama aliyeokota ng'e.

"Shikamoo, Bi Shukriya."

"Marahaba, baba. Nimeletewa ujumbe, ati nimeshinda gari. Mama yako kaniambia watu mpaka wa Sur wanakuja kwako. Nibonyeze hapa, nisibonyeze?"

Bassam hakugeuka. Alikuwa akiyatazama yale maji.

"Usibonyeze."

Bi Shukriya akamshika mkono mama mtu, akanong'ona kwa heshima:

"Umeona? Hata hakuitazama."