Majivu Niliyoyachanganya na Maji

Siku yangu ya kwanza katika sakristia ya parokia moja ya Thika, Mzee Kamande alinipa fagio kabla hajanipa mkono. Yeye ndiye aliyekuwa msakristia mkuu, mtunza vyombo na mavazi ya ibada, na alikuwa mkali kuliko padri. Nilidhani kazi ni kukunja kanzu. Kumbe kazi iliyompima mtu ilikuwa majivu.

Nyinyi mnaopakwa Jumatano ya Majivu kisha mnakimbilia kazini hamjui yanatoka wapi. Tulikusanya matawi makavu ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, tukayachoma kwenye karai, tukachekecha kwa kichungi cha chai, tukatia matone machache ya mafuta ya zeituni. Mwisho msakristia alijipaka mwenyewe kwenye paji la uso na kungoja robo saa.

"Majivu ambayo hayajakugusa wewe, usiyapeleke kwa watu," Mzee Kamande aliniambia kila Kwaresima, nami nilitii.

Baadaye nilihamishiwa Ruiru, kwenye kigango kimoja upande wa Gatongora, nikawa msakristia peke yangu. Huko ndiko mke wangu Wanjiru alikougua na kufa, wiki tatu kabla ya Kwaresima. Nilikuwa nimemwombea mpaka magoti yakavimba. Baada ya mazishi sikuomba tena. Nilifungua kanisa, nikatandika kitambaa cha zambarau, nikafunga. Kazi ni kazi.

Mwaka huo mafuta yaliisha na sikujali kutafuta mengine. Nilimimina maji kwenye majivu, nikaliacha bakuli tangu Jumatatu hadi ibada ya Jumatano. Majivu yakilala ndani ya maji huwa makali, huunguza ngozi. Nilijua hilo tangu Thika. Sikujipaka. Sikutaka kitu cha Mungu kinishike usoni.

Alhamisi alikuja Mama Njeri, muuza viazi wa mtaa wa Kimbo, amemshika mkono binti yake mdogo. Paji la mtoto lilikuwa na malengelenge yaliyojipanga msalaba. Nilingoja anifokee.

"Mzee, na wewe ulipakwa?" aliniuliza.

Nikasema hapana. Alinitazama kidogo, akamgeuza mtoto, wakaondoka. Afadhali angenitukana. Niliona haya mpaka nikakaa chini pale mlangoni.

Jioni hiyo nilikwenda kwa Baba Paroko, kijana wa umri wa mwanangu, nikaweka funguo mezani. Nikamweleza habari ya maji, kisha nikamwambia kwamba sina imani, atafute mtu mwingine.

"Sasa Mzee, ni nani amekuwa akifungua kanisa kila asubuhi?"

"Ni mimi, Baba. Na kila asubuhi nimekuta hakuna mtu."

Alinirudishia funguo, nikaendelea na kazi miaka kadhaa, majivu kwa mafuta, mpaka nikastaafu.

Vijana wa jumuiya yetu huniuliza Kwaresima ilinifufuaje. Wanataka ushuhuda wa kupigiwa makofi, na mimi sina. Kila Ijumaa naenda Njia ya Msalaba, nafuata vituo polepole kwa sababu ya haya magoti. Kwenye kituo cha kumi na mbili, Yesu anapokufa, wengine wanasali. Mimi namwambia Mungu wazi kwamba alinikosea kwa Wanjiru. Hajanijibu hata siku moja. Nimejaribu kumwacha, nikashindwa. Mtu hamlalamikii asiyekuwepo, nami bado nalalamika.