Lifti ya Issuna

Jamani, kuna aibu ambazo mtu anazizika na zinaoza huko huko, na kuna nyingine ukizizika zinaota kama uwele. Hii yangu ni ya kuota. Nimeificha, nimeikana, nimejaribu hata kuisimulia kana kwamba ilimpata mtu mwingine, lakini kwa kuwa Issuna yote wanaijua na Ikungi wanaijua, bora muisikie kwangu mwenyewe kabla hamjaisikia sokoni ikiwa imetiwa chumvi (ingawa kusema kweli haihitaji chumvi).

Wakati huo nilikuwa nafundisha hesabu Botswana, kama walimu wengi wa kwetu waliokimbilia kule mshahara wa hapa uliposhindwa kufika katikati ya mwezi. Likizo ya Aprili nikafunga safari ya kurudi nyumbani, mabasi na treni mpaka miguu ikavimba, na begi langu kubwa lilikuwa limejaa sabuni. Msicheke. Mimi niliondoka hapa sabuni ikiwa ni kitu cha kupangia foleni, mtu akikuletea mche mmoja unamtaja kwenye sala. Kumbe huku nyuma milango imefunguliwa, kila mwenye mtaji analeta anachotaka, na siku niliyoshuka Ikungi ilikuwa siku ya mnada, nikakuta sabuni zimepangwa chini kwenye turubai kama matofali, za kila rangi, na mwenye nazo anabembeleza watu wanunue. Baba mdogo Simoni, mdogo wake marehemu baba na ndiye aliyenilea, akafungua lile begi, akanusa, akaniambia kwa upole, "Ahsante mwanangu. Zitatumika."

Zitatumika! Mnajua neno hilo linavyouma ukiwa umelibeba begi kutoka Gaborone?

Sasa sikuja kwa ajili ya sabuni tu, nilikuja kuoa. Kulikuwa na binti anaitwa Agripina, muuguzi pale Singida mjini, anakaa kwa shangazi yake Utemini, tulijuana likizo iliyotangulia na tukapatana. Kwao Issuna nilikuwa sijawahi kufika. Baba yake, Mzee Yohana, nilikutana naye mara moja mjini nikamwamkia. Mama yake sikuwahi kumwona hata kwa picha. Ila wao yangu walikuwa nayo: nimevaa kofia nyekundu na miwani ya jua, nimeegemea gari (la mkuu wa shule, lakini picha haisemi gari ni la nani). Agripina aliwapelekea, wakaitundika ukutani.

Tatizo ni kwamba sikuwa peke yangu. Kulikuwa na bwana mmoja wa mjini, ameweka mashine ya kukamua alizeti, magunia yanaingia mlango huu na mafuta yanatoka mlango ule, naye alikuwa ametuma watu. Mzee Yohana akasema atawasikiliza watu wa mwalimu kwanza, Jumamosi, kwa sababu binti ndivyo anavyotaka, lakini akiona mchezo wowote basi atawasikiliza wengine. Nilipokwenda mjini kumwona, Agripina akanisindikiza hadi stendi akaniambia, "Wewe tulia tu Ikungi. Wazee wataongea. Usifanye chochote." Nikamwambia sawa. Usiku sikulala, namwona yule wa mashine anang'aa mafuta mpaka kwenye paji la uso.

Ndipo nikafanya kosa la kwanza, dogo kabisa. Nikaazima pikapu kwa rafiki yangu wa Utemini anayefanya biashara ya vitunguu. Nilijiambia ni ya kuwapeleka wazee, wasiende kwenye posa na tope la lori, lakini ukweli mnaujua: sabuni zilikuwa zimenivua nguo, nilitaka kitu cha kunivika. Na Jumamosi asubuhi nikavaa kofia ile ile nyekundu na miwani ile ile, ili nikionekana kwa mbali nifanane na picha.

Baba mdogo alikuwa ndiye mshenga, pamoja na mzee mwingine wa ukoo. Walikuwa bado wanakunywa chai, na mnajua chai ya wazee wanaokwenda kuposa, kikombe kinajazwa, hadithi inaanza upya. Moyo ukawa haukai. Mvua ilikuwa imenyesha, nikasema, "Baba, ngoja nitangulie kidogo tu nikaone kama njia ya kuingilia inapitika, nawarudia." Baba mdogo akanitazama juu ya kikombe. "Posa haikaguliwi njia na mposaji," akasema. "Kaa." Nikamwambia sitafika nyumbani, nitaishia njiani. Nikaondoka.

Barabara kubwa ilikuwa nzuri. Nikakata kuingia njia ya mashambani, uwele umesimama kila upande, mrefu kuliko mtu, alizeti zimechanua, na mbele yangu nikaona mama wa makamo anatembea, kichwani sufuria kubwa, ile ya kupikia watu wengi, na mkononi kuku wawili wamefungwa miguu. Aliposikia gari akageuka, akatazama, halafu akatoka njiani haraka, akanipa mgongo, akajifunika kanga mpaka usoni, akasimama anatazama uwele.

Mnyaturu yeyote angelielewa hilo. Mtoto mdogo angelielewa. Lakini mimi nilikuwa nimetoka mahali ambapo mtu akisimama pembeni ya barabara anataka lifti, na mwalimu akipita bila kumbeba anasemwa mji mzima. Nikasimamisha gari.

"Shikamoo mama!"

Kimya.

Nikasema labda hasikii. "Shikamoo mama! Panda nikusogeze, mzigo ni mzito huo!"

Kimya, na mabega yakaanza kutetemeka. Jamani, kwetu mtu mzima asipoitikia shikamoo kuna jambo, ama ni mgonjwa au umemkosea, na mimi simjui, nimemkosea nini? Basi ni mgonjwa. Nikajiona kesho naambiwa kuna mama alidondoka njiani na mwalimu wa Botswana akampita na gari tupu, siku ya posa, na yule wa mashine anatikisa kichwa kwa huzuni. Nikashuka.

Aliposikia mlango unafungwa akaingia kwenye uwele. Sufuria ikagonga bua, ikadondoka, ikalia ngaa! juu ya jiwe, na kuku mmoja akachomoka. Hapo hapo mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikaokota sufuria, nikaona imebonyea ubavuni, nikasikitika, nikamfuata.

"Mama, sufuria yako! Usiogope mama, mimi ni mwalimu!"

Ndiyo kwanza akaongeza mwendo. Sikujua kama mama wa umri ule anaweza kukimbia vile, kanga imeshikwa meno, na kila nikiongeza sauti naye anaongeza mwendo, na mimi (kwa kuwa nina akili ya hesabu) nikaona kwamba nikikata kushoto nitamkuta mbele. Nikakata kushoto. Kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Nikamkuta yule kuku aliyechomoka amenasa kwenye mabua, nikamkamata nikamtia kwapani, nikiwaza angalau huyu nitamrudishia. Mama akapita mbele yangu bila kugeuza uso, akasema kwa Kinyaturu, kwa sauti ya kuomba kabisa, "Rudi, mwanangu, rudi huko!" Nilimwelewa vizuri. Nikadhani ni homa inamsemesha.

Yowe lilipigwa na mtu wa baiskeli. Alikuwa anapita njiani, akaona gari limeachwa njiani bila mtu, akasikia mama anahema shambani na mwanaume anamfokea nyuma, sasa mlitaka afikirie nini? Akapiga yowe moja refu, na Issuna ikaitikia. Wakatoka mashambani na majembe, wakatoka na fimbo za ng'ombe, kina mama na miko, na mimi nikajitokeza barabarani kwa upande wa pili, kiatu kimoja, miwani ya jua, sufuria ya watu mkononi na kuku wa watu kwapani.

"Mwizi huyo!"

Nilipoa. Nawaambia nilipoa hadi kwenye meno, maana tunajua wote mwizi wa kuku anafanywaje. Mtu mmoja alinishika kola, mwingine akanipokonya sufuria, nikakalishwa chini kwenye tope mbele ya pikapu. Nilikuwa na digrii, nina pasipoti mfukoni, na niliona dhahiri kwamba naweza kufa pale kwa ajili ya kuku ambaye hata sikumtaka.

"Unamkimbiza mama wa watu una nini naye?" akauliza yule wa baiskeli.

"Nilitaka kumpa lifti!"

Wakatazamana. Hata mimi nilipojisikia kwa masikio yangu mwenyewe niliona halikai.

"Wewe ni wa wapi? Unakwenda kwa nani?"

"Mimi ni wa Ikungi, mtoto wa Simoni," nikasema, na sauti ilikuwa imenitoka puani. "Nakwenda kwa Mzee Yohana. Leo tunaposa kwake."

Mama mmoja mwenye mwiko akasogea, akanivua ile miwani taratibu, akanitazama, akanivalisha tena. Akaweka mkono mdomoni.

"Ni yule wa picha," akasema. Halafu akageukia shambani, ambako kitambaa cha kichwa kilikuwa kinaonekana kidogo kati ya mabua, mtu amechuchumaa ametupa mgongo. "Baba, huyo unayemkimbiza tangu saa hizo ndiye mama yake Agripina."

Ardhi haikupasuka. Niliisubiri ipasuke, haikupasuka.

Mimi nilikuwa nahesabu kwamba ukwe, ule wa mkwe na mama mkwe kutotazamana wala kusemezana, unaanza mahari ikishapokelewa. Kwa yule mama ulianza siku picha yangu ilipogongewa msumari ukutani kwake. Alinitambua kwa kofia, akafanya kila kitu ambacho heshima inamtaka afanye: akaniachia njia, akanipa mgongo, akaficha uso. Kuitikia shikamoo yangu hakuweza, kunieleza yeye ni nani hakuweza. Na mimi nikaacha njia niliyoachiwa, nikamfuata ndani ya uwele, naye kuku na sufuria ya kuazima alikuwa anavipeleka nyumbani kupikia watu wangu.

Wakati huo ndipo baba mdogo na mwenzake wakatokea, wamepanda lori la watu, wote tope (lile tope nililoazima gari ili lisiwapate). Baba mdogo akaniona nimekaa kwenye tope. Hakunifokea, na ningependa sana angenifokea.

"Mwalimu," akasema, "nilikuambia ukae wapi?"

"Ikungi, baba."

"Na hapa ni wapi?"

Kofia nikaivua nikaikalia.

Wakaenda bila mimi. Mzee Yohana, niliambiwa baadaye, alisema mposaji anayemkimbiza mama mkwe shambani yeye hajawahi kumsikia, na yule wa mashine angalau anajua kukaa nyumbani. Wazee wakanena, wakainama, wakatoa kondoo wa kufuta aibu na doti ya kanga kwa mama, na hayo yote hata posa yenyewe haijatajwa. Mimi nilikuwa kwenye pikapu, mbali, vioo vimepandishwa, jua linanichoma, na watoto wa Issuna wamesimama kwa heshima kunitazama jinsi mtu huyo anavyofanana. Nilikuwa natazama moshi wa jikoni kwao Agripina. Nilimpenda binti yule, jamani, wala sioni haya kulisema, na nilijua kwamba nimempoteza kwa upole wangu mwenyewe. Nikaanza kupanga jinsi nitakavyorudi Botswana bila kupitia Singida. Nikakuta haiwezekani, nikalia kidogo.

Jua lilikuwa limeshainama aliponijia shangazi yake Agripina, yule wa Utemini, amebeba bakuli limefunikwa na sahani. Akagonga kioo, nikashusha.

"Kula," akasema.

"Shangazi, wamesemaje?"

"Wazee walikuwa wamekwama. Baba yake amekataa kabisa. Kisha mama akatuma neno kutoka jikoni." Alikuwa anajitahidi asicheke, midomo inamponyoka. "Amesema, mwambieni mkwe, yule kuku alikuwa wake tangu asubuhi. Hakuwa na haja ya kumkimbiza."

Nikafunua bakuli. Juu ya ugali wa uwele kulikuwa na paja, na juu ya paja imewekwa firigisi. Mnajua wenyewe firigisi hapewi mpita njia. Nilikula huku machozi yanachuruzika, shangazi ananitazama, watoto wananitazama, na sikujali.

Basi Agripina ni mke wangu, na mama mkwe wangu yuko, Mungu ampe maisha marefu. Sijamwona uso mpaka leo, na sauti yake niliyoisikia ni ile ya shambani tu. Ile sufuria Mzee Yohana alilazimika kumfidia jirani, ikabaki kwao, na pale ilipobonyea hapakunyooshwa. Tukienda likizo, ugali wa wageni unapikwa humo, nami nakula nimeinamisha kichwa. Lifti natoa bado, mwalimu ni mwalimu. Lakini nikimwona mama ametoka njiani akanipa mgongo, sisimami, siamkii, siulizi. Navua kofia na kupita taratibu, na nikishafika mbali ndipo nasema shikamoo, peke yangu, ndani ya gari.