Kidole Kilichobaki Kwenye Kioo

Kwenye rafu ya kibanda cha mdogo wangu Hebroni, pale Mbugani, Kyela mjini, kuna tableti iliyofunikwa kwa kitambaa cha kichwani cha marehemu mama yetu. Mteja akiuliza kama inauzwa, Hebroni anasema hapana. Akiuliza kama ni mbovu, anasema hapana. Mimi ni dada yake, Anyitike, na nimewahi kuifunua mchana kweupe, mlango wazi, mashine ya kusaga ya jirani ikinguruma. Sikugusa kitu. Duara la kijani likajichora lenyewe chini, upande wa kushoto, likatulia hapo kama mtu ameweka kidole anasubiri. Nilirudisha kitambaa nikaenda zangu, na siku hiyo sikuuza hata kipande kimoja cha kitenge.

Watu wanamjua Hebroni kwa kisa hiki tu, na wanakisimulia vibaya. Acha nikisimulie mimi.

Hebroni ni kitinda mimba wa mzee Ambilikile wa Makwale. Tangu utoto mikono yake haikutulia. Aliwahi kufungua redio ya baba, akaifunga tena, skrubu mbili zikabaki nje na redio ikaimba vilevile. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu asiyecheka ovyo, lakini siku ile alicheka. Minara ya simu ilipofika Kyela, Hebroni akawa fundi simu. Akaenda Mbeya miaka miwili kusoma kompyuta, akarudi, akamwoa Tukuswiga, binti wa Katumba Songwe. Akamwacha Makwale kwa baba asaidie shamba la kakao, yeye akabaki mjini na nyaya zake. Jumamosi ndiyo alikuwa mume.

Mwaka 2010 mfanyabiashara mmoja aliyetoka Karonga, ng'ambo ya mpaka, alimletea simu ya kioo kitupu, isiyo na vitufe. Ukiweka vidole viwili na kuvitanua, picha inakua. Ukivikutanisha, inasinyaa. Hebroni alikaa nayo kutwa nzima, chakula nilichompelekea kikapoa.

"Dada," akaniambia, "mkono una vidole vitano. Miaka yote hii simu ilikuwa inaongea na kimoja."

Ilikuwa miaka ya soko huria, kila mnunuzi wa kakao akija na mzani wake mpaka mlangoni. Mwanamume alikuwa anaweza kuuza gunia mkewe akiwa kwenye mpunga, mama wa watu akirudi anakuta mkeka mtupu. Hebroni akapata wazo. Angetengeneza programu ambayo mzigo hauwezi kutoka nyumbani mpaka watu wawili wa nyumba hiyo, walioandikishwa, waweke vidole kwenye kioo kwa pamoja. Kila kidole kingechorewa duara, kisha mstari wa kijani ungeunganisha maduara mawili, maana yake nyumba imekubali. Lilikuwa wazo zuri. Nasema hivyo hata leo, ingawa nikimkumbuka baba roho inaniuma.

Alifanya kazi kwa namna yake. Alipita Makwale na kikopo cha masizi yaliyokorogwa kwa mafuta, akawachovya watu dole gumba na kuwagandamizia kwenye karatasi, ili ajue duara liwe na ukubwa gani. Karatasi hizo alizibandika ukutani kibandani. Dole la baba lilikuwa pana, lina mpasuko katikati, na chini yake ameandika "Tata", baba kwa lugha yetu. Akagundua jambo jingine: vidole vya wakulima ni vikavu na vigumu, kioo kinavipoteza mara kwa mara. Mtu amegusa vizuri, kioo kinasema ameondoka. Basi akaweka kitu alichokiita subira. Kidole kikipotea, duara lisifutike papo hapo, libaki kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, ndipo lizime.

"Nimekifundisha kioo adabu," akanitambia. "Kinamsubiri mzee."

Lakini adabu ya kwao aliisahau. Kwetu Wanyakyusa, mwanamke aliyeolewa humkwepa baba mkwe wake. Hamtazami, hatamki jina lake, akimwona njiani anatoka pembeni na kugeuza uso mpaka apite. Baba mkwe naye anajua wajibu wake, anakohoa mapema, anampa mkwe nafasi ya kujisitiri. Wengi wameiacha, hasa mjini. Nyumbani kwetu haikuachwa. Mama alipofariki, Tukuswiga na baba waliishi uwanja mmoja miaka mitatu bila kutazamana hata siku moja. Alikuwa anapika, anaweka chakula kwenye kigoda barazani, anapiga sufuria kwa mwiko mara moja na kuondoka. Baba akimaliza, anasema kwa sauti, kana kwamba anaiambia migomba, "Ndaga fijo," asante sana. Ndivyo walivyopendana. Sijui neno jingine la kuuita ule uhusiano.

Msimu wa kakao wa 2012 wakaja wageni wawili wa shirika moja la Dar es Salaam kuitazama programu. Hebroni akachagua nyumba ya baba yake ionyeshwe kwanza. Watu wa nyumba hiyo aliokuwa amewaandikisha kwa mkono wake mwenyewe ni wawili: Ambilikile na Tukuswiga.

Mimi niliambiwa asubuhi ile ile. Nikamvuta pembeni. "Niandikishe mimi niguse na baba."

"Wewe umeolewa, si wa nyumba hii. Programu itakukataa."

"Si wewe uliyeitengeneza?"

"Dada, wageni wameshakaa."

Meza iliwekwa barazani, tableti katikati. Baba alikaa kushoto amegeukia ukuta. Tukuswiga akaja kwa upande wa kulia, khanga imemfunika mpaka machoni, akasimama hatua tatu kabla ya meza na hakusogea tena. Majirani wakainamisha macho. Wageni wa watu wakatabasamu, wakidhani binti ana haya.

"Hebroni," baba akasema, uso bado ukutani, "huyu ni mkwe wangu."

"Tata, ni kioo tu. Hamgusani."

Baba akanyoosha mkono bila kutazama, akaweka kidole. Duara likawaka. Tukuswiga bado amesimama. Ndipo mdogo wangu, mbele ya watu wote, alipomshika mkewe kifundo cha mkono, akamvuta, akakiweka kidole cha mke kwenye kioo. Mstari wa kijani ukatoka kwenye duara la baba ukakimbia mpaka kwenye duara la mkwe wake. Wageni wakapiga makofi. Tukuswiga aliutazama ule mstari, akatoa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, akakimbilia nyuma ya nyumba.

Siku ya kumi na moja baba akafa. Presha, daktari alisema, na ni kweli alikuwa nayo tangu mama yuko hai. Lakini nani Makwale angesikiliza habari za presha? Hakuna aliyemsema Tukuswiga usoni. Walikuwa wananyamaza tu akipita, na kunyamaza huko kulitosha. Msibani niliona ameuzungushia mkono wa kulia kipande cha khanga, kama una jeraha. Alikuwa anapika kwa mkono wa kushoto.

"Wifi, umeungua?" nikamuuliza.

"Huu ndio ulimgusa," akasema.

Matanga yalipokwisha akarudi kwao Katumba Songwe. Hakuaga.

Hebroni akarudi kibandani, na hapo ndipo duara lilipoanza. Kila akiwasha ile programu, duara linatokea chini kushoto, mahali pa kidole cha baba. Anafuta kioo kwa pamba, linarudi. Alinieleza kwamba kioo kikiingia unyevu huota vidole visivyokuwepo, na Kyela yetu kwa unyevu haijambo. Alinieleza vizuri kabisa, huku akikifuta kioo tena. Kisha nikamkuta siku moja ameinamia kioo, duara limewaka, naye ananong'ona, "Tata, toa kidole. Tata, basi." Dole la masizi lilikuwa likimtazama kutoka ukutani. Niliogopa. Sikuogopa marehemu, nilimwogopea huyu aliye hai.

"Kama ni unyevu," nikamfokea, "si una njia ya kuhakikisha? Fundi gani wewe!"

Kumbe ilikuwepo. Chini ya michoro yote, programu ilikuwa inaandika kila kidole: kimetua wakati gani, kimeondoka wakati gani. Alikuwa hajathubutu kuifungua tangu msiba. Akaifungua mbele yangu, akatafuta kwanza siku ile ya wageni. Akasoma. Akasoma tena. Akakaa chini sakafuni, na siku za baada ya msiba hakuzitafuta tena.

Kidole cha baba kilikuwa kimeondoka kabla cha Tukuswiga hakijatua. Tofauti yao ni sekunde moja kasoro kidogo. Kidole kilichopotezwa na kioo huandikwa tena papo hapo, cha baba hakikuandikwa tena. Baba alipomsikia mkwe wake anavutwa, aliinua kidole. Hakuondoa mkono, ili mwanawe asiaibike mbele ya wageni. Aliuacha juu ya kioo, haugusi, na sisi sote tuliokuwa tunamtazama binti wa watu hatukuona. Duara lililobaki liliwekwa na subira ya Hebroni. Mstari ule ulikwenda kwenye kidole ambacho hakikuwepo.

Kesho yake tukaenda Katumba Songwe, mimi na yeye, tableti imefungwa kwenye kitambaa cha mama. Njia ya kuingia kwao inapita katikati ya migomba. Tulipokaribia, mama yake Tukuswiga akatokea mbele yetu na ndoo kichwani. Hebroni hakufikiri. Akatoka njiani, akasimama nyuma ya mgomba, kichwa chini, mpaka mama mkwe alipopita. Mwanamume naye humheshimu mama mkwe, ingawa kwake mwiko si mkali kama kwa mwanamke. Tukuswiga alikuwa mlangoni, akaona yote.

Tulikaa kwenye mkeka. Hebroni akaeleza, akajikwaa, akaeleza tena. Mwisho akawasha kioo akaichezesha siku ile upya, bila subira. Duara la baba likawaka kushoto. Likazima. Kioo kikabaki kitupu kidogo, giza tu. Kisha duara lake likawaka kulia, peke yake, bila mstari.

"Rudia," Tukuswiga akasema.

Alirudia mara nne. Mara ya nne Tukuswiga alifungua kile kipande cha khanga polepole, akautazama mkono wake, akaukunja na kuukunjua. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kwikwi.

"Kumbe alinipisha," akasema. "Hata siku ile alinipisha."

"Ndiyo," Hebroni akasema. "Huna kosa, mke wangu. Twende nyumbani."

Tukuswiga akakikunja kile kipande cha khanga.

"Umempisha mama yangu pale njiani, na hakuna aliyekwambia. Unajua kupisha. Mimi ulinishika mkono."

Hebroni akaifunga tableti kwenye kitambaa cha mama. Tukuswiga akanyanyuka, akanipa mkono wa kuagana, mkono wa kulia, wenye alama za khanga bado. Hebroni hakupewa.

Tulirudi wawili. Programu ile haikuendelea. Wageni waliandika barua mara mbili, Hebroni hakujibu. Mpaka leo anatengeneza simu za watu, na ukimpelekea iliyovunjika kioo atakuuliza kwanza ni ya nani.

Mwezi uliofuata Tukuswiga alikuja Makwale kufagia kaburi la baba, na tangu hapo huja kila mwezi, asubuhi, kisha anarudi kwao. Mara ya kwanza Hebroni alikuwa uwanjani akigeuza kakao iliyoanikwa. Alipomwona mkewe anakuja na ufagio, mkono wa kulia wazi, aliacha kazi, akaingia kwenye migomba, akageuza uso na kusimama hivyo mpaka mwanamke alipopita. Mume anamkwepa mkewe, jambo ambalo kwetu halijawahi kuonekana. Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Tukuswiga alipofika usawa wake alipunguza mwendo kidogo. Kisha akaendelea kwenda kaburini.