Maua Yasiyo na Udongo

Mama mkwe wangu alipoandika kwamba mwanawe amemwita, naye anakuja Mwanza kututembelea, nilianza kutafuta maua ya kuweka ndani. Tulikuwa na mwaka mmoja wa ndoa na hakuwa amekanyaga kwangu. Alikuwa amewahi kusema, na maneno yakanifikia hapa kwetu Pasiansi kabla ya salamu zake, kwamba Msukuma anajua zizi, nyumba haijui. Asingenikubali yeye, basi ukoo mzima wa mume wangu huko Bukoba usingenikubali, nami ningebaki mke wa nusu. Hilo liliniuma kuliko nilivyomwonyesha mtu yeyote.

Dukani hakukuwa na kitu. Tulipanga foleni ya sabuni, tukapanga foleni ya sukari, na mapazia mapya ungeyaona ndotoni tu. Kilichobaki ni maua. Mke wa mkubwa wa kazini kwa mume wangu alikuwa nayo sebuleni, kwenye makopo yaliyopakwa rangi, na kila aliyeingia aliyasifia.

Sasa ninunue wapi? Mtacheka, lakini mimi nimelelewa na mama ambaye hakupokea hata mche wa mchicha kutoka kwa jirani. Udongo wa uani kwa mtu, alisema, hujui umefukiwa nini. Nimesoma, nimefundisha shule, na bado neno hilo halijanitoka.

Jirani yangu, mke wa balozi wetu wa nyumba kumi, alijitolea kunipa maua bure. Mwanamke ambaye hakuwahi kuniazima hata kiberiti, leo ananipa maua bure, tena ananichagulia na pa kuyaweka. Nikamwambia asante dada, nitapita, na sikupita. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mtunza bustani wa ofisi moja ya serikali aliniita penye uzio akaninong'oneza kwamba anayo mazuri, nije na kikapu chenye kifuniko. Nikamwangalia juu mpaka chini. Mali ya umma hiyo, na kesho mgambo wako mlangoni kwangu kuuliza ua hili limetoka wapi. Nikaondoka bila kuaga.

Nikaenda kwa masista wa misheni moja upande wa Bujora. Sista aliniuliza nasali wapi, ndoa nimefungia wapi, mume anakwenda kanisani au hapana. Nikajiuliza maua na ndoa yangu vimekutana wapi. Nilinunua mche mmoja, na nilipofika nyumbani nikakung'uta udongo wote, nikaosha mizizi kwa maji ya chumvi, kwa usalama tu. Siku ya tatu ukawa umelala kama mlevi. Nikamwambia mume wangu, unaona, ulikuwa na kitu. Akacheka, akarudi kwenye redio yake.

Ndipo Igogo, karibu na bandari, nikamkuta mzee mmoja aliyeshuka na meli ya Bukoba, ana fungu la vijiti vinene vyenye majani marefu nchani, vimefungwa kwa majani ya migomba. Havikuwa na mizizi wala chembe ya udongo. Moyo wangu ukatulia. Hata hivyo nilimhoji kama polisi: umekata wapi, kwa nani, nani mwingine amevishika?

"Nimekata shambani kwangu, mama," alisema. "Huu haufi. Kwetu uko kila shamba."

Nilimuuliza kila kitu isipokuwa unapandiwa nini.

Nilinunua vitatu. Mume wangu ndiye aliyenitobolea makopo kwa msumari. Aliitazama ile miti kwa muda.

"Unaiweka humu ndani?" akauliza.

"Humu humu. Kwa mstari, kati ya viti na meza ya chakula."

"Sawa," akasema, akanishikia kopo nikijaza mchanga niliouchota mwenyewe ziwani.

Mama mkwe alifika na meli ya asubuhi, na kikapu cha ndizi kichwani. Nilipiga magoti, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya upole kuliko nilivyotarajia. Nikamketisha karibu na mwanawe, nikamletea chai. Alipoinua kikombe akaiona miti. Akakirudisha mezani.

"Nani amegawana na nani humu ndani?" akauliza.

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno. Kwao mti ule ni mulamula. Unapandwa mpakani, watu wakishagombania shamba na wazee wakishaamua: huku kwako, huku kwangu. Ukiung'oa ni kesi. Hakuna anayeupanda katikati ya nyumba yake, labda awe anawaambia watu jambo.

Aibu ilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Nilijitetea kwa kumtaja shahidi wangu.

"Sikujua, mama. Hata mwanao alikuwepo, alinisaidia kupanda."

Akamgeukia mwanawe polepole.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Na wewe umezaliwa kwenye migomba, mti huu unaujua."

 Alimsemesha mwanawe Kihaya kwa kirefu, kisha akakatisha, akarudia kwa Kiswahili, na nilijua anarudia kwa ajili yangu.

"Kama humtaki mtoto wa watu, mwambie mwenyewe. Usinipandishe meli nije nimkatae kwa niaba yako."

Nilingoja aseme si kweli. Hata angedanganya ningeshukuru. Mama yake naye alingoja. Mume wangu akasimama, akaanza kutoa yale makopo nje, moja moja, na alipotoa la tatu hakurudi ndani.

"Keti, mwanangu," mama mkwe akaniambia, akanisogezea kiti kilichokuwa cha mwanawe.