Theluji ya Libérata

Mtu akikwambia Libérata ni mwerevu, kubali, lakini mwulize alivaa nini kwenda kazini Jumatatu ile ya mwezi wa tatu. Alitoka na sweta jepesi. Simu yake inaonyesha hali ya hewa ya miji miwili, Toronto na Uvira ya kwetu Kongo, na asubuhi macho yake huanzia Uvira. Akasoma joto ishirini na saba, akafunga mlango, akaondoka. Nilimkuta kituo cha basi hapa mtaani kwetu Agincourt anatetemeka kama kifaranga, nikavua skafu yangu nikamfunga. Nikamwambia, "Mwili uko Kanada, wewe mwenyewe uko wapi?" Alicheka, lakini hakuiacha simu.

Tunafanya kazi pamoja kwenye nyumba ya kutunza wazee. Mimi ni mtu wa Bukavu, yeye ni wa milimani juu ya Uvira. Mbele ya watu namwita Mama Iteka, kwa jina la binti yake, kama heshima inavyotaka, naye huniita Mama Divin. Kutwa tunawaogesha wazazi wa wenzetu, tunawalisha uji, tunawabembeleza. Mama yake mwenyewe yuko peke yake mlimani, hana wa kumshika mkono. Hilo linamuuma, na mimi linaniuma vilevile.

Mwaka huu kilichomtoa usingizi kilikuwa mvua. Watabiri walisema mwezi wa tatu na wa nne mvua itazidi, milimani na bondeni. Kwetu ikizidi, bondeni mto unafurika, na mlimani udongo unateremka pamoja na nyumba. Simu haikijui kijiji chao, inaijua Uvira tu, basi Libérata hupiga hesabu zake mwenyewe: wingu likionekana Uvira mchana, mlimani kumeshanyesha. Kaka yake, Gervais, ana nyumba bondeni, mahali palipoinuka ambapo mto haujawahi kufika. Alipanda kumchukua mama yao, akakuta ardhi imepasuka nyuma ya jiko, ufa wa kuingiza mkono mzima. Mama akakataa katakata kushuka.

Libérata aliijua sababu. Siku ya vita alikimbia bila kuaga, akavuka mipaka mpaka akafika huku. Na katika ukoo wao, mtoto aliyetoka bila kuaga hupokewa kwenye ua uleule alimotokea. Mama yake anamwosha miguu pale, ndipo anaingia ndani. Mama alimwambia Gervais hawezi kumpokea binti yake kwenye ua wa watu wengine.

"Si umwambie tu kwamba hujapata njia ya kwenda?" nikamwuliza.

Hapo akanitobolea siri. Mwaka wake wa kwanza, mama alipouliza atakuja lini, alijibu, "Theluji ikiyeyuka, Mama." Alidhani makaratasi yatakuwa tayari. Kumbe kesi yake ya ukimbizi ilikataliwa, akakata rufaa, na mpaka leo anangoja. Akitoka Kanada harudi, na Iteka yuko shule. Alishindwa kulisema hilo. Kila mama alipouliza kama theluji imeyeyuka, alijibu bado.

"Hata mwezi wa saba?" nikauliza.

"Hata mwezi wa saba. Siku ile tunachoma nyama kule bustanini, nilimwambia inafika magotini."

Sikujua nicheke au nimchape kofi. Bibi wa watu akaamini Kanada ni barafu mwaka mzima, akawa anamwombea mjukuu wake kanisani asigande. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Libérata ilikwenda miaka sita. Na mama naye hakuwa malaika, maana kila Jumamosi alimwambia bintiye kwamba kule mvua ni manyunyu tu, mahindi yanapendeza. Huyu akidanganya hali ya hewa ya huku, na yule akidanganya ya kule, kisa ni kupendana. Nilikasirika nao wote wawili.

"Leo utasema kweli," nikamwambia Jumamosi iliyofuata. Akaja kupiga simu kwangu, kwa sababu Iteka hujibu kwa Kiingereza lakini Kiswahili anasikia chote. Nje maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye vibaraza vya jengo, na majani yameanza kuonekana.

Wakasalimiana, wakaulizana afya. Kisha mama akauliza, kama kawaida yake, "Theluji imeyeyuka, mwanangu?"

"Imeyeyuka, Mama. Huyeyuka kila mwaka." Nikamshika bega. "Nilikudanganya. Hawajaniruhusu kuja, na sijui kama wataniruhusu. Usiningoje hapo. Shuka, nakuomba."

Tulisikia mvua inavyopiga bati kule mlimani, na haikuwa manyunyu.

"Kumbe," mama akasema. "Na mimi kila asubuhi nilikuwa nafagia ua." Hakugomba, hakulia. Akasema, "Mwambie Gervais aje na watu wa kubeba vitu."

Akashuka. Haikupita wiki, udongo ukateremka, ukachukua jiko, ua, na nusu ya nyumba. Gervais alituma picha. Niliiangalia nikapiga ishara ya msalaba, kisha nikapika pondu, mboga yetu ya majani ya muhogo, na kwenda nayo kwa Libérata, nikitegemea kukuta furaha. Nilimkuta amekaa jikoni na koti lake la kazini.

"Mungu ashukuriwe, mama yako yu hai," nikamwambia.

"Ashukuriwe," akasema. "Nimezungumza naye leo. Kala vizuri, kalala vizuri. Kaniuliza habari za Iteka, za kazi, za kanisa. Nimesubiri aniulize nakuja lini, hakuuliza." Akafuta macho kwa mkono wa koti. "Nilimwambia asiningoje mlimani, Mama Divin. Yeye ameacha kabisa kuningoja."