Siku Nyumba Ilipoteremka na Mama Mkwe

Wacheni nijicheke mwenyewe kwanza kabla hamjanicheka, maana aibu niliyoipata mimi upande ule wa Shinyalu haijaisha mpaka leo, watu wa huko wakiniona hawangoji hata niwaamkue, wananiita Nyumba Inakuja, wazee kwa watoto, na kuna siku niliitwa hivyo katikati ya mazishi na mtu ambaye bado alikuwa anapangusa machozi.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa dereva wa kampuni moja ya kujenga barabara, tulikuwa tunakaa mjini, mtaa wa Amalemba, mimi, mke wangu Beatrice ambaye ni mwalimu, na binti yetu Mercy aliyekuwa ndio ameanza nasari. Injinia wetu alikuwa na karavani, ile nyumba ndogo ya bati inayovutwa na gari, ina kitanda, meza ya kukunja, mapazia madirishani na jiko la gesi, alikuwa akilala humo tukiwa na kazi mbali. Sasa wakati wa likizo ya Agosti injinia akawa anasafiri kwenda kwao, akaniambia, "Wewe ndiye unaivutanga kila siku, ichukue upeleke familia mpumzike kidogo. Ila jiko la gesi usiguse, paipu inavuja."

Nilifika nyumbani nikiruka kama mtoto. Nikamwambia Beatrice tunaenda likizo, tutalala kando ya msitu, tutaamshwa na nyani na ndege. Yeye akaendelea kusonga ugali, hata hakugeuka.

"Na huko nani atapika?"

"Si tutapika tu."

"Tutapika nani? Baba Mercy, kupika nikiangalia msitu bado ni kupika. Hiyo si likizo, hiyo ni kazi imehamishwa."

Na mimi, bila kufikiri (mdomo wangu una breki mbovu tangu utotoni), nikasema, "Hutagusa mwiko hata siku moja. Mimi ndiye nitapika." Beatrice alicheka mpaka akaketi chini na mwiko mkononi. Alikuwa na haki ya kucheka, kwa sababu katika maisha yangu yote nilikuwa nimepika chai tu, na hata hiyo chai Mercy alikuwa ananiuliza kama ni dawa.

Lakini dereva halali njaa. Kule Shinyalu nilijua hoteli ya mama mmoja anaitwa Mama Everlyne, nikapatana naye kila siku atutumie chakula cha mchana na cha jioni, kinaletwa na kijana wa boda boda (enzi hizo boda boda ni baiskeli) kikiwa ndani ya hotipoti, moto kabisa. Tukaegesha karavani kwenye malisho ya rafiki yangu mmoja, mahali pazuri sana, juu ya mteremko, nyuma ni msitu, mbele unaona vijumba na migomba mpaka mwisho wa macho. Breki ya mkono ya ile karavani ilikuwa imekufa zamani, kwa hivyo nikaweka jiwe kubwa chini ya kila gurudumu, nikalipiga teke kuhakikisha, dereva mwenzangu akarudisha mjini pikapu ya kampuni iliyotuvuta, na sisi tukaanza kustarehe. Siku za kwanza zilikuwa tamu. Beatrice analala mpaka jua linapanda, anasoma, anasuka nywele za Mercy, chakula kinafika kwa baiskeli, mimi naosha vyombo viwili vitatu na kujiita mpishi.

Ikafika Jumamosi. Beatrice na Mercy walitoka asubuhi kwenda kuteka maji kwenye chemchemi, na mara hiyo hiyo kijana wa boda boda akapita barabarani, hotipoti hana, anakanyaga baiskeli kwa kasi, akanipigia kelele kutoka mbali, "Leo hakuna chakula! Hoteli imefungwa! Mama Everlyne ameenda kuona ng'ombe wakipigana!" Na huwezi kumlaumu Mama Everlyne, kule siku ya mafahali kupigana hata mgonjwa anaamka kitandani. Nikajiambia si kitu, tutakula mkate.

Ndipo nikamwona mama mkwe wangu anapanda mteremko, na kuku hai kwapani.

Lazima niwaeleze hapa wale ambao hawajaoa kwetu. Mwanaume na mama mkwe wake hawapeani mkono. Hawali meza moja, hawaangaliani usoni, na kukaa chini ya paa moja ni jambo la kuitisha wazee. Tangu nimuoe Beatrice, mama huyu nilikuwa najua viatu vyake na pindo la leso yake, basi. Alisimama mbali, akaangalia migomba, mimi nikaangalia msitu.

"Mulembe, Baba Mercy."

"Mulembe muno, Mama. Karibu."

"Beatrice yuko wapi?"

"Ameenda chemchemini na mtoto. Hatakawia."

Akamhamishia kuku kwapa la pili. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Nimesikia sokoni ati mtoto wangu analala ndani ya gari. Wamesema mmefukuzwa nyumba huko mjini. Baba Mercy, kama mmefukuzwa, niambie tu. Nyumba yangu ni ndogo lakini inatosha."

Nilitamani ardhi inimeze. Huyu mama alikuwa ametembea kutoka kwao, na kuku wake, akiamini binti yake amekuwa wa kulala barabarani. Nikamweleza kwamba ni likizo, kwamba watu wa siku hizi wanafanyanga hivyo, wanaacha nyumba yao nzuri wanaenda kulala kwenye nyumba ya magurudumu kwa kupenda. Nikajisikia ninavyoongea, na hata mimi singejiamini.

Manyunyu yakaanza. Singeweza kumwacha mama mzima anyeshewe, nikamwambia, "Mama, ingia ndani, mimi nitabaki nje." Akasitasita, akaingia. Nikasikia anafungua kabati moja baada ya lingine, kisha sauti yake dirishani.

"Baba Mercy, hizi sufuria bado ziko na karatasi za duka. Mtoto wangu anakula nini?"

Hapo ndipo nilipojiharibia. Ningesema ukweli, kwamba tunakula hotelini kama wakubwa, mambo yangeisha. Lakini nikajibu haraka, "Hata nilikuwa naanza kupika, Mama. Kaa tu, obusuma iko njiani."

Basi sasa nikapike huo ugali. Gesi nimekatazwa. Manyunyu yalikuwa yameacha, nikajifunga leso ya Beatrice kiunoni nisichafue suruali, nikaokota kuni (mbichi zote), nikatafuta mawe ya kuwekea sufuria. La kwanza nikalipata. La pili nikalipata. La tatu, jamani, malisho yote yale, nimezunguka, nimeinama, hakuna jiwe, ni majani na mavi ya ng'ombe tu. Na mama yuko dirishani ananitazama kupitia pazia. Macho yangu yakaangukia lile jiwe chini ya gurudumu. Nikajiambia, magurudumu ni mawili, jiwe moja likibaki linatosha. Mimi! Dereva! Mtu aliyevuta karavani hiyo nusu ya mkoa wa Magharibi! Nikalitoa.

Halikutokea lolote. Nikaweka sufuria juu ya mawe matatu, nikatia maji, nikapiga magoti kupuliza moto, moshi ukaniingia machoni, nikawa nalia na kukohoa, na katikati ya kukohoa nikasikia krrr, kama mtu anayevuta kiti. Nikafungua jicho moja. Ile karavani ilikuwa imeanza kuondoka, polepole, kama mgeni anayeaga. Lile jiwe la pili lilikuwa limezama kwenye udongo uliolowa.

Mama mkwe akatoa kichwa dirishani. "Baba Mercy, tunaenda wapi?"

Nikakimbia. Nikashika kishikio cha mlango, nikakaza miguu, nikavutwa kama ndama. Nikataka kuachilia, lakini leso ilikuwa imenasa kwenye kishikio, na karavani sasa imepata mwendo, na ndani nasikia mama anaita, "Yesu wangu! Yesu wangu!" Niwaambie ukweli, wakati huo sikukumbuka mila wala wazee. Nilichoona ni kwamba mama wa mke wangu atakufa kwa sababu ya ugali. Nikaruka ndani.

Ndani kulikuwa ni kama kinu. Sufuria zinaruka, mkate unaruka, kuku anapiga mabawa usoni mwangu, mama ameshikilia meza ya kukunja nayo imekunjika. Nikamkumbatia, nikamsukuma kwenye godoro, nikaweka mgongo wangu mbele ili kama tunagonga kitu, nigonge mimi. Nikamwambia, "Mama, nishike!" Akanishika. Akanishika kweli kweli, alama za kucha zake nilikaa nazo wiki nzima.

Na kwenye barabara ya chini, ambayo lazima tuipite, nikasikia ngoma za isukuti na filimbi. Watu walikuwa wanarudi kutoka kwa mafahali, umati mzima, wanaimba, wanarukaruka na matawi mikononi, katikati yao fahali aliyeshinda anatembea kama chifu. Kupitia dirishani nikaona mzee mmoja mbele anageuka, anaangalia juu, anadondosha tawi.

"Nyumba inakuja!" akapiga kelele. "Kimbieni! Nyumba inakuja!"

Ngoma zikakatika. Watu wakatawanyika kama siafu waliomwagiwa maji. Fahali peke yake hakukimbia, alisimama akatuangalia, yeye aliyekuwa ametoka kupigana na kushinda, halafu akageuka akaenda kando taratibu, na hapo ndipo tukapita, tukavuka barabara, tukavunja ua wa mtu, tukaingia ndani ya shamba la nepia, yale majani ya kulisha ng'ombe, iliyomea kunishinda urefu, tukaenda, tukaenda, tukasimama. Tukainama upande kidogo.

"Mama," nikasema. "Mama, uko mzima?"

Hakujibu. Hamuwezi kujua dakika ile ilivyokuwa. Nilianza kufikiria nitamwambia nini Beatrice, nitaanza na neno gani.

Mlango ukavutwa. Nyuso zikajaa pale, za wanaume wenye jasho na filimbi midomoni, na wakaniona mimi nimefunga leso ya kike, masizi usoni, kuku mabegani, nimemkumbatia mwanamke mzee juu ya godoro. Yule mzee aliyepiga kelele akauliza kwa heshima, "Kijana, huyu ni nani yako?"

"Ni mama mkwe wangu," nikasema.

Mngesikia mguno uliotoka pale! Wengine walishika vichwa. Mmoja alirudi nyuma kabisa. Na Beatrice akatokea nyuma yao, amekuja mbio kutoka chemchemini, Mercy mgongoni, kiatu kimoja hana, uso umekuwa wa majivu. "Mama!" akaita. "Mama yangu!"

Ndipo nikasikia sauti kifuani mwangu.

"Mimi niko mzima. Lakini mwambieni huyu mwanaume sasa aniachilie, nepia haikimbii."

Na akaanza kucheka. Alicheka kidogo kidogo kwanza, halafu kwa sauti, halafu Beatrice akaanza, analia na kucheka, halafu umati wote ukalipuka, na mimi nikamwachilia mama, nikashuka, nikakaa chini palepale kwenye nepia nikamshukuru Mungu kwa sauti, sikujali nani ananiona. Hakuna mfupa uliovunjika. Hata kuku hakukosa unyoya wa maana.

Wanaume wale walileta kamba, wakaifunga karavani, wakaivuta hadi juu kwa wimbo na isukuti, na mimi nikasukuma nyuma (kwa hiari, hakuna aliyenituma). Mwenye nepia alisema nikate iliyolala nimpelekee ng'ombe wake, nikakata mpaka mikono ikavimba, nikarudisha na ua wake. Injinia aliporudi nilimwambia yote kabla hajauliza, akaizunguka karavani, akagusa mahali palipobonyea, akasema bati linanyooshwa, mtu hanyooshwi, nishukuru.

Jioni ya Jumamosi ile kuku alichinjwa na mama mkwe mwenyewe, na akampika yeye, akakataa kabisa nikaribie moto. Chakula kilipoiva nikachukua sahani yangu nikaenda kukaa kando kama mila inavyotaka. Akaniita.

"Baba Mercy, njoo ule hapa. Mtu amenikumbatia mbele ya Shinyalu nzima, sasa ananionea haya ya nini?"

Nikaja. Nikakaa mbele yake, nikainua macho, na kwa mara ya kwanza nikamwangalia mama huyu usoni akiwa anacheka na binti yake, na nikaona ni kicheko kile kile, meno yale yale, hata kichwa wanakirusha nyuma pamoja. Nimeoa kicheko hicho na sikuwahi kujua kinatoka wapi. Kupika nilijifunza baadaye, tena kwa mama huyo huyo, na nimeapa kwamba mgeni akiniuliza tumekula nini, nitamjibu ukweli, hata kama ni mkate mkavu.